Puto Juu ya Ziwa Ukerewe: Jules Verne na Msomaji wa Mara

Ziwa linaloonekana kutoka rasi ya Musoma lilikuwa na jina jingine katika vitabu vya Ulaya vya karne ya kumi na tisa. Liliitwa Ukerewe, kwa jina la kisiwa kilicho kusini-magharibi ya mji huo, ambacho msafiri wa leo hukifikia kwa kivuko akitokea Bunda kwa njia ya Kisorya. Wageni walichukua jina la kisiwa wakalipa ziwa zima, kama mtu aliyeonyeshwa mlango akadhani ameonyeshwa nyumba. Kosa hilo dogo la jiografia laingia katika historia ya fasihi, kwa kuwa mwandishi ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa riwaya ya kisayansi aliileta safari yake ya kwanza ya kubuni juu ya maji hayo hayo.

Jules Verne alizaliwa Nantes, nchini Ufaransa, mwaka 1828, akafa Amiens mwaka 1905. Alipokuwa karibu kutimiza miaka 35, na bado akifanya kazi katika soko la hisa la Paris, mchapishaji Hetzel alimtolea kitabu kiitwacho Cinq semaines en ballon, yaani Wiki Tano katika Puto. Kilitoka mwisho wa Januari, 1863. Kabla yake Verne alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza na hadithi fupi, asiye na jina kubwa. Baada yake zilifuata Safari ya Kwenda Kiini cha Dunia mwaka 1864, Kutoka Duniani hadi Mwezini mwaka 1865, Maili Elfu Ishirini chini ya Bahari, na nyingine nyingi. Hizo za baadaye ndizo zilizomfanya awe miongoni mwa waandishi wanaofasiriwa zaidi ulimwenguni. Lakini kalibu yake ilifuliwa katika kitabu cha kwanza, na kitabu cha kwanza kinaanzia Unguja.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Daktari Samuel Fergusson, Mwingereza, akifuatana na rafiki yake Dick Kennedy, Mskoti mwindaji, na mtumishi wao Joe, aondoka katika kisiwa kidogo karibu na Unguja tarehe 18 Aprili, 1862, ndani ya puto lililojazwa hidrojeni. Wapita juu ya Mrima, wapanda milima ya Rubeho, washuka Kazeh karibu na Tabora ya leo, wavuka Karagwe, walala usiku mmoja katika kisiwa cha Ziwa Ukerewe, wauona Mto Nili ukitoka ziwani, kisha waelekea magharibi kwa matatizo mengi hata kuufikia mto Senegal tarehe 24 Mei. Bara zima lapitwa kwa wiki tano.

Yafaa kutazama kwanza namna kitabu kilivyojengwa, maana hapo ndipo ilipo nguvu yake. Verne hakuwa amefika Afrika Mashariki, wala hakufika baadaye. Wala hakuwa amepanda puto. Alipanda mara yake ya kwanza mwaka 1873, mjini Amiens, miaka kumi baada ya kulielezea. Alichokuwa nacho ni vitabu. Richard Burton alikuwa amechapisha mwaka 1860 habari za safari yake na John Speke, na Verne alizisoma kwa makini ya karani wa hesabu. Majina ya vijiji, urefu wa milima, bidhaa za soko la Kazeh, vyote vyatoka katika taarifa za watu waliotembea kwa miguu. Juu ya taarifa hizo mtunzi aliongeza kitu kimoja tu ambacho hakikuwapo: chombo cha kulipandisha na kulishusha puto bila kupoteza hewa wala kutupa mchanga. Betri yachanganua maji, hidrojeni yaungua, mwali wake wapasha moto mrija, na mrija wapasha moto hewa ya puto. Wenye elimu ya fizikia wamekwisha kuonyesha kwamba betri za wakati ule zisingetoa nguvu ya kutosha, na kwamba kuwasha moto chini ya hidrojeni ni njia ya hakika ya kufa. Lakini hilo si hoja kubwa. Hoja ni kwamba mtunzi akishaomba akubaliwe jambo hilo moja, haombi jingine. Kila kitu kinachofuata chapimwa. Uzito wote ni paundi 4,000. Abiria wapandishwa katika mizani kama magunia: Kennedy paundi 153, Fergusson 135, Joe 120. Na mwishoni, hewa inapopungua, msomaji ajua kwa nini kila kitu kinachotupwa nje kinatupwa. Joe ajirusha katika Ziwa Chad ili awaokoe wenzake, na tendo hilo la moyo lina maana kamili kwa sababu uzito wake ulikwisha kuandikwa katika kurasa za kwanza.

Hapa ndipo ulipozaliwa utanzu. Hadithi za safari za ajabu zilikuwako tangu zamani. Wasikilizaji wa pwani walimjua Sindbadi kabla Wafaransa hawajamjua Fergusson. Lakini Sindbadi hachukui mizani. Verne aliiweka ajabu chini ya hesabu, na kila mtunzi wa riwaya za kisayansi tangu hapo, hata H. G. Wells aliyeleta mashine yake ya kusafiria wakati mwaka 1895 bila kujisumbua sana na misumari na skrubu zake, ameandika akijua kwamba msomaji aweza kudai hesabu.

Bahati nayo ilimsaidia. Mwezi Julai, 1862, Speke alikuwa amefika mahali Nili unapotoka ziwani, lakini habari zake zilikuwa hazijafika Ulaya kitabu kilipotoka. Kwa miezi michache, basi, jibu la fumbo kubwa la jiografia la wakati ule lilikuwa katika duka la vitabu la Paris kama kitu cha kubuni, hali jibu la kweli lilikuwa likishuka na mto kuelekea Misri. Wakati habari zilipofika, mtunzi alionekana kama mtabiri. Sifa hiyo ya utabiri imemfuata hata leo, na kwa kweli imemharibia, maana wengi humsoma kama mtu anayekagua orodha: nyambizi imetokea, safari ya mwezini imetokea. Thamani ya mtunzi haiko katika kubahatisha vizuri.

Sasa msomaji aliyekaa Musoma au Butiama afungue sura ya ziwa. Aona nini? Aona kingo zilizofunikwa na mbu wengi mno, na miiba, na viboko. Aambiwa kwamba nchi hiyo haikaliki wala haina watu. Puto lapita, usiku walala katika kisiwa kitupu, alfajiri waondoka. Upande wa mashariki, unakoingia mto Mara, hautazamwi. Kwa haki ya mtunzi ni lazima isemwe kwamba ramani za Ulaya za wakati ule hazikuujua upande huo. Stanley ndiye aliyeuzunguka mwaka 1875 kwa mashua yake, Lady Alice, na hapo ndipo kingo za Majita na Musoma zilipoanza kuchorwa na wageni. Verne hakuweza kusoma kilichokuwa hakijaandikwa. Lakini alijaza nafasi hiyo tupu kwa neno “haikaliki”, na neno hilo halikutoka katika vipimo vyovyote. Wakerewe, Wajita, Wakwaya na Wazanaki walikuwako, wakilima na kuvua. Na wale “mbu” wenyewe: yeyote aliyekaa kando ya ziwa hilo ayajua mawingu ya wadudu yanayoinuka juu ya maji kama moshi wa moto wa mbali, ambao hawaumi mtu, na katika sehemu nyingine za ziwa huliwa. Kitu ambacho mwenyeji aweza kukiita kitoweo, mwandishi wa mbali alikifanya ushahidi wa ukiwa.

Kwa Waswahili kasoro yaanza mapema zaidi, huko Unguja. Fergusson hawezi kulijaza puto lake mjini, maana wenyeji, asema mtunzi, wadhani mgeni ataka kulishambulia jua na mwezi, ambavyo wao huviabudu. Hii ni Unguja ya 1862, mji wa misikiti, makadhi na wanazuoni, uliokuwa na balozi za mataifa ya kigeni na merikebu kutoka Bombay hata Salem. Kisha Kazeh. Verne alieleza soko la Kazeh vizuri kabisa, na Waarabu wake, na wapagazi wake, na pembe zake za ndovu, kwa kuwa Burton alilieleza. Kurasa chache mbele watu wa soko hilo hilo waliona puto wakadhani mwezi umeshuka, wakamwabudu Fergusson kama mwana wa mwezi, hata mwezi wa kweli ulipochomoza wakagundua wamedanganywa. Ni kichekesho kinachotegemea jina tu, kwamba Unyamwezi ni “nchi ya mwezi”. Wanyamwezi waliokuwa wakienda pwani kwa misafara wakaona merikebu na bunduki, wakajua bei ya pembe na ya shaba, wafanywa katika ukurasa mmoja kuwa watoto. Na liko jambo baya kuliko hayo. Katika sura moja wasafiri wanasikia vurugu karibu na puto, wadhani ni wenyeji, kumbe ni nyani, nao wachekeana kwamba tofauti si kubwa. Mzaha huo hausameheki kwa kusema kwamba zama zilikuwa hivyo. Zama hizo hizo zilikuwa na watu waliojua zaidi, na Verne mwenyewe alijua zaidi miaka 15 baadaye, alipoandika mwaka 1878 riwaya ya nahodha kijana huko Angola na kuwashutumu wafanya biashara ya watumwa bila kuuma maneno.

Lawama hii ni ya kifasihi kabla haijawa ya kisiasa. Kanuni ya Verne ilikuwa kwamba kila kitu kipimwe. Gesi ilipimwa, kamba ilipimwa, chakula kilipimwa. Mwanadamu mweusi hakupimwa. Kwa hiyo kitabu kinavunja sharti lake chenyewe, na hapo kinapolivunja ndipo kinapodhoofika hata kama hadithi. Sura za Kazeh ndizo za bure kuliko zote, kwa kuwa hakuna sababu inayozaa tokeo. Kuna mzaha tu. Mwanafunzi anayetaka kuona tofauti kati ya sayansi na dhana ndani ya jalada moja hatapata mfano bora.

Hata hivyo, kati ya Kazeh na ziwa pana mazungumzo ambayo yanastahili kusomwa na kusomwa tena. Puto likielea juu ya Unyamwezi, mawingu ya radi yakikusanyika, Fergusson asema kwamba ustaarabu umekuwa ukihama: kutoka Asia hadi Ulaya, kutoka Ulaya hadi Marekani, na udongo wa huko ukichoka, zamu itakuwa ya Afrika. Kennedy hana furaha. Yeye aona kwamba zama hizo za viwanda zitakuwa za kuchosha, na kwamba mwisho wa dunia labda utakuwa siku ile bwela kubwa la mvuke, lililopashwa moto kupita kiasi, litakapoilipua sayari nzima. Joe aongeza kwamba Wamarekani hawatakosa kuwamo katika kazi ya mtambo huo. Wacheka, kisha dhoruba yaanza. Katika kurasa hizo chache mtunzi, ambaye wengi humwona kama mshangiliaji wa mitambo, aliweka hofu ambayo riwaya ya kisayansi haijaimaliza hadi leo. Wala hakuiweka London au Paris. Aliiweka angani mwa nchi ambayo sasa ni Tanzania, puto likielekea Ukerewe.

Kisiwa hicho nacho kilikuja kusema. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Riwaya zake za kwanza, kuanzia Rosa Mistika ya 1971, zilishika maisha ya watu kama yanavyoonekana. Lakini Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 ziliacha njia hiyo. Katika vitabu hivyo viwili vyembamba wakati haufuati mstari, wafu na wanafalsafa wakutana na walio hai, na msafiri apita katika dunia iliyokwisha kuteketea, akitafuta mwanzo mpya. Wahakiki wameviita kwa majina mengi, na ugumu wake umewafukuza wasomaji wasio na subira. Haitakuwa sawa kuviita riwaya za kisayansi, kwa maana Kezilahabi hana betri wala mrija. Lakini moto uliochekwa ndani ya puto mwaka 1863 ndio unaokutwa umekwisha kuwaka katika Mzingile, na anayetembea juu ya majivu si Mwingereza aliye angani bali ni mtu anayetembea kwa miguu yake. Si dai kwamba huyu alimwiga yule. Waandishi wawili walisimama pande mbili za karne ya mabomu, mmoja akiona mtambo kama mzaha, mwingine akiujua kama habari ya gazeti.

Hapa lapaswa kukatwa tabia ya kutafuta baba wa Kizungu kwa kila kitabu cha Kiswahili. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi inayoelea hewani, na wajumbe wake sita hutumwa pande zote, mbinguni na ardhini zikiwa miongoni, wakarudi na hekima wakatupwa gerezani. Mtu mwepesi atasema: tazama, puto. La. Nchi ya Shaaban imetundikwa hewani ili isiwe ya mtu yeyote na hivyo iwe ya kila mtu. Ni kinga ya mtunzi aliyeandika chini ya serikali ya kikoloni, na hoja zake ni za mahakama, siyo za fizikia. Wala vitabu ambavyo shule za kikoloni zilivileta kwa Kiswahili, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani kilichofasiriwa na Frederick Johnson, havikumfundisha Karama kujitetea mbele ya mfalme. Aliyekaribia zaidi njia ya Verne ni Mkenya Katama Mkangi katika Walenisi ya mwaka 1995, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa katika nchi ya dhuluma, arushwa angani na kuifikia sayari yenye haki. Kuna chombo, kuna anga, kuna safari. Hata hivyo chombo chapitwa haraka; Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na alichotaka kukipima ni serikali. Jina la sayari yenyewe lasema: wale ni sisi. Ukweli ni kwamba riwaya ya Kiswahili imechukua kutoka utanzu huu kile ambacho Verne alikipuuza, na imekipuuza kile alichokipenda. Yeye alipima gesi akaacha watu. Hawa wapima watu na kuiacha gesi. Kama kuna upungufu upande wetu wa mizani, ndio huo: bado hajaonekana mtunzi wa Kiswahili aliyejulikana sana anayeifanyia mashine ya kubuni hesabu ya uaminifu tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na vijana wanaosoma fizikia vyuoni wangeweza kujaribu.

Na je, kitabu chenyewe kisomwe vipi? Wapo wanaotaka kurasa za Kazeh na za nyani zikatwe katika matoleo ya vijana. Kwa jambo hili mfano uko Butiama. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa kijiji hicho, alifasiri Juliasi Kaizari mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa tamthilia ya mfanya biashara wa Venisi. Tamthilia hiyo ina matusi dhidi ya Wayahudi, na ina mchumba wa Moroko anayedharauliwa kwa rangi yake. Mfasiri hakuyafuta. Alichobadili ni jina: akaiita Mabepari wa Venisi, na kwa neno hilo moja akamwonyesha msomaji wapi pa kuelekeza macho, kwamba ugonjwa si wa Shailoki peke yake bali ni wa mji mzima unaokula riba na faida. Huo ni uhakiki uliofanywa ndani ya jalada. Mfasiri wa Verne afanye vivyo hivyo. Aache nyani mahali pao, na Kazeh mahali pake, lakini aiandikie kazi yake utangulizi wa mtu anayeijua Tabora, na asizifasiri habari za Unguja bila kusikia adhana.

Mwaka 1962, miaka 100 kamili baada ya tarehe za riwaya, Mwingereza Anthony Smith aliruka kwa puto la hidrojeni kutoka Unguja hadi bara, kisha akapita juu ya bonde la Ngorongoro. Na tangu miaka ya mwisho ya 1980 maputo ya watalii yamekuwa yakipaa Serengeti, ambayo ukanda wake wa magharibi washuka hata karibu na ziwa, mkoani Mara. Hayo ni matunda ya aina yake. Abiria huamshwa kabla ya alfajiri, hupaa saa moja, huona nyumbu, hunywa mvinyo. Huona kile kile alichokiona Fergusson: mbuga, wanyama, maji ya mbali. Vijiji viko nje ya mpaka, na mwendo wa puto hauvifikii.

Katika riwaya, Fergusson athibitisha kwamba ameuona Nili wa kweli kwa kushuka katika kisiwa kidogo cha mto na kukuta herufi mbili zimechongwa juu ya jiwe, A na D, za Andrea Debono, mfanya biashara wa Malta aliyefika hapo kutoka kaskazini. Kingo zote mbili zina watu, wakali kama Verne anavyopenda wawe, nao waujua mto huo na majina yake. Hawaulizwi. Ushahidi unaotosha ni Mzungu mmoja kusoma herufi za mwingine. Wakati huo huo wa kubuni, Ukerewe ya kweli ilikuwa na mfalme wake, mashamba yake, ndoa zake na dawa zake za utasa, mambo ambayo Aniceti Kitereza aliyaandika kwa Kikerewe katika kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945. Kila kitu humo kimepimwa: namna ya kutengeneza pombe ya ndizi, namna ya kumwita mkwe, namna ya kufunga mtumbwi, siku kwa siku, kwa uvumilivu ambao Verne aliuweka katika mirija yake. Kilikaa bila kuchapishwa kwa zaidi ya miaka 30. Mzee mwenyewe alikifasiri kwa Kiswahili, nacho kikatolewa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi.